Msolo wa Naipingo Umebakiwa na Jumapili Moja

Saa kumi na mbili asubuhi, Mwanne binti Shaban anapiga magoti chini ya msolo, mti wa tambiko wa ukoo wao, kijijini Naipingo, na kuinua chungu kidogo kilichofunikwa shinani. Jana jioni alimwaga hapo unga wa mtama, ukasimama kama kichuguu. Leo umebomoka.

Mwanawe, Mikidadi, amesimama nyuma yake. Hii ni mara ya tatu unga kubomoka.

Kwao, unga ukilala salama, wazee waliokufa wameridhia. Ukibomoka, wamekataa. Bila ridhaa yao, Mikidadi hathubutu kuuchora mti huo.

Mikidadi, mwenye miaka ishirini na sita, ni kibarua wa mradi wa karanga hapa Nachingwea. Hufuata matingatinga yanayong'oa miti, akichimbua mizizi; huu ni mwezi wake wa nane kazini. Jumatatu yatafika kwenye msolo. Mwanne alikwenda mara mbili ofisini kwa mradi kuomba uachwe. Akaambiwa mpaka wa shamba umekwisha kupimwa.

"Mti ukiondoka, mama ataombea wapi?" anauliza Mikidadi. "Angalau awe na sura ya mti huo."

Kuchora anafundishwa jioni na Mwalimu Kornel wa shule ya misheni. Mwanzoni alichora jani kwa jani. Mti mmoja ulimchukua wiki mbili, na ulipokwisha ulionekana umekufa. Mwalimu akamwambia alegeze mkono, brashi ipite kama upepo. Siku hizi humaliza mti kwa kutwa moja. Vibarua wenzake humtania: "Fundi, nichore na mimi kabla tingatinga halijanila."

Yeye hacheki. Hofu ikimshika, mkono hukakamaa, na majani huanza kuhesabika tena.

Ng'ambo ya kijito mashine zinanguruma tangu kabla ya mapambazuko. Chungu kinatetemeka pale chini alipokiweka Mwanne.

"Mama, ni ardhi tu imetikisika ikaubomoa," anasema Mikidadi.

"Na wao wamelala wapi, mwanangu, kama si humo ardhini?"

Mikidadi anainama. Anamsaidia kuzoa unga.

Jumapili mashine hupumzika. Jumamosi jioni, zikishanyamaza, Mwanne atamwaga unga tena. Ukikutwa umesimama Jumapili alfajiri, Mikidadi atakuwa na siku moja tu, tangu jua lichomoze mpaka lizame. Karatasi anayo, na brashi mbili ameazimwa na mwalimu.

Na ukibomoka?

Mikidadi anakung'uta unga mikononi.

"Nitakaa hapa kutwa niutazame," anasema. "Labda kutazama hakuombewi ruhusa."