Kaburi Nililochimba Ili Benki Isiuze Nyumba Yangu

Siku moja ambayo sitaisahau, hata nikifikisha miaka mia mbili kama ninavyotarajia, ni ile asubuhi niliyotoka na jembe na sururu, nikachimba kaburi mbele ya nyumba yangu pale Ibighi, na nyumbani kwangu hajafa hata kuku.

Mwanangu, usicheke kwanza. Nilikuwa na sababu, na mimi niliiona kubwa kama Mlima Rungwe. Gwakisa, fundi baiskeli wa Kiwira, alikuwa ameniambia kwamba benki haiwezi kuuza nyumba yenye kaburi.

"Sikiliza, Ambakisye," aliniambia huku akiziba pancha. "Kule Masoko dalali alikuja na kipaza sauti chake, na wanunuzi wamejaa magari matatu. Alipoona kaburi uani, kipaza sauti kikazima. Chenyewe! Dalali akarudi Mbeya kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Gari lilikataa kuwaka."

Nikaamini yote, hata hilo la gari. Na wewe ungeamini, maana kwetu Rungwe wafu hatuwapeleki mbali. Tunawazika nyumbani, kando ya migomba, watoto wanakua wakicheza karibu na babu yao. Nani angethubutu kununua nyumba na babu wa watu ndani yake? Nilimlipa Gwakisa mara mbili ya bei ya pancha.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, ujue nilifikaje huko. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nafanya kazi kiwanda cha chai, nalisha kuni tanuri la kukaushia majani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vinne na bati jipya. Tuliijenga kwa miaka saba, mimi na mke wangu, mama Lusajo. Mimi nilisimamia, na kusimamia ni kazi ngumu sana. Mchanga aliubeba yeye, kichwani, kutoka mtoni.

Nikapata wazo la kujenga vyumba vitatu vya kupangisha nyuma ya nyumba. Wazo lilikuwa zuri, mpaka leo nalisifu. Nikaenda benki, nikaweka nyumba rehani. Mke wangu naye ilibidi asaini, kwa kuwa nyumba ya familia huiweki rehani bila mwenzako kuridhia. Afisa alimwuliza mara mbili kama ameelewa. Akajibu ameelewa, ila alipojibu alikuwa ananitazama mimi, wala si karatasi.

Kuta za vyumba zikasimama. Mwezi uleule kikaja kipaimara cha Lusajo, mtoto wetu wa kwanza. Nikajisemea, mtu mwenye fedha benki atakulaje viazi siku ya kipaimara cha mwanawe? Nikachinja ng'ombe mkubwa kama lori. Nikakodi muziki, nadhani ulisikika Malawi. Wageni wakaja hata wasionijua, na hao ndio waliokula zaidi. Kwa siku moja nusu ya mkopo ikaisha, na vyumba vyangu vikabaki bila paa. Mbuzi wa jirani akahamia humo bila kulipa kodi.

Sasa marejesho yangetoka wapi? Niliyapanga yatoke kwenye kodi ya wapangaji, na mpangaji niliyenaye ni mbuzi.

Mwezi wa kwanza nikalipa nusu. Wa pili sikulipa. Ikaja bahasha ya benki, ile yenye kidirisha. Mwanangu, mimi ni mtu wa shule. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, baada ya zamu ya kiwandani, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu. Mtaa mzima ulikuwa unaniletea barua niwasomee. Lakini ile yangu niliitumbukiza kwenye gunia la maharage ya mbegu bila kuifungua. Moyoni nilijiambia kuwa jambo usilolisoma bado halijatokea. Ya pili ikamfuata mwenzake, na ya tatu vilevile. Wakanipigia simu, nikabadili laini. Mama Lusajo akiniuliza mambo ya benki yanakwendaje, namjibu, "Vizuri tu, wananipenda."

Kwa hiyo Gwakisa aliponiletea habari ya kaburi, mimi nilikuwa nimeshaiva kudanganywa. Nikasubiri watoto wawe likizo kwa bibi yao Masoko, na mke wangu naye aende kwao huko kumsaidia mama yake kuvuna kahawa. Siku ya tatu nikachimba. Nilifukua futi tatu, nikarudishia udongo, nikauinua tuta zuri, nikapigilia msalaba wa mbao usio na jina. Nililiweka karibu na barabara kabisa, ili dalali asipate shida kuliona.

Dalali hakuliona. Aliyeliona ni Bibi Atupele, jirani yangu, mwanamke asiyekosa msiba hata mmoja wilaya nzima. Saa tatu asubuhi nikasikia kilio kutoka barabarani. Nikatoka, namkuta amepiga magoti kwenye tuta langu, na wanawake kumi nyuma yake wamejifunga khanga viunoni.

"Ndaga, tata, ndaga!" akaniambia, yaani ananipa pole. "Lakini umemzika peke yako, kimyakimya hivi? Majirani tumekukosea nini?"

"Bibi, hakuna aliyekufa."

Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Kichwa kimeshapotea. Mleteeni maji." Kisha akanishika mkono. "Mama Lusajo yuko wapi, mwanangu?"

"Yuko Masoko."

"Yuko Masoko!" Wakalia upya, safari hii kwa nguvu. "Maskini, anadhani yuko Masoko!"

Kila nilichosema kiliongeza kilio. Kufika saa sita turubai limesimama, masufuria yako jikoni, mchele na ndizi zimeingia kwa mabeseni, na kwaya ya kanisa imeshaanza wimbo wa pili. Watu walikuwa elfu kumi, nikipunguza. Mwenyekiti wa mtaa alifungua daftari la rambirambi. Mimi nimekaa kwenye mkeka, nimefunikwa shuka, nalishwa uji kwa kijiko.

Hapo ndipo mama Lusajo aliposhuka kwenye pikapu na mkungu wa ndizi kichwani.

Wa kwanza kumwona alikuwa mwimbaji wa besi, na sauti yake ikapanda hadi soprano. Kwaya ikatawanyika migombani. Bibi Atupele peke yake hakukimbia. Alimsogelea mke wangu, akamfinya mkono.

"Wa moto," akasema. Akanigeukia. "Basi aliye mle ndani ni nani?"

"Hamna mtu, bibi. Ni kwa ajili ya benki."

"Benki imekufa?"

Mama Lusajo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliutua mkungu, akalitazama tuta, akanitazama mimi na shuka langu. Akawashukuru watu wote, mmoja mmoja, akawaomba wamalize chakula na kila mtu arudi na rambirambi yake. Tulipoingia ndani akafunga mlango.

"Baba Lusajo, benki wameandika nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

Nikaenda kwenye gunia la maharage. Nikatoa bahasha tatu, nikazifungua moja baada ya nyingine, na mimi msomaji wa barua za mtaa mzima nikamsomea mke wangu barua zangu kwa mara ya kwanza. Ya kwanza ilisema nimechelewa kulipa, nifike ofisini tuzungumze. Ya pili ilisema hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa notisi ya siku sitini, kwamba nisipolipa wala kufika, watachukua hatua ya kuuza nyumba. Nikahesabu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Mwanangu, kicheko changu kiliishia pale. Watoto wanne, na tusingekuwa na pa kuwalaza. Mama Lusajo alivua kitambaa chake, akanionyesha utosini pale nywele zilipokatika kwa ndoo za mchanga. Kisha akasema, "Kesho tunakwenda wote wawili."

Tulikwenda. Afisa mikopo alikuwa binti mdogo, mpole. Lakini ujinga hautoki siku moja. Alipofungua faili langu, nikakohoa kwa heshima nikamwambia, "Kabla hatujaendelea, dada, ufahamu kwamba pale nyumbani kuna kaburi."

"Poleni sana. La nani?"

"Langu," akajibu mama Lusajo.

Yule binti akaweka kalamu chini. Tukamweleza yote. Aliuma midomo asicheke, machozi yakamtoka. Kisha akaniambia maneno ambayo nilipaswa kuyasikia miezi minne nyuma.

"Baba, kaburi halizuii mnada. Linachofanya ni kuwakimbiza wanunuzi, na wakipungua wanunuzi bei inashuka. Nyumba ikiuzwa kwa bei isiyotosha kumaliza deni, kinachobaki bado utadaiwa wewe. Ungekosa nyumba, na deni ungebaki nalo. Na sisi hatukuwa tunaitafuta nyumba yako. Tulikuwa tunakutafuta wewe."

Akauliza mshahara wangu ni kiasi gani hasa, siyo ule ninaoutaja kijiweni. Akauliza vyumba vimefikia wapi. Wiki ile nikauza ndama wawili, nikalipa sehemu ya malimbikizo, na wao wakatupangia upya: kiasi kidogo kila mwezi, kwa miaka mingi zaidi. Jumla iliongezeka, hilo sikufichi, riba haikusamehe ng'ombe wangu. Lakini tulikiweza. Tukasaini mbele yake, nakala akachukua mama Lusajo. Fedha za ndama zilizobaki zikaezeka chumba kimoja, mbuzi akafukuzwa, akaingia muuguzi. Kodi yake ikaezeka cha pili. Hati ya nyumba ilirudi mikononi mwetu mwaka Lusajo alipoanza kazi. Mama Lusajo aliibeba mwenyewe kutoka benki, hakunipa hata niishike.

Basi sikiliza, mwanangu, maana mengine yote yalikuwa ya kukuchangamsha. Ukikopa kwa nyumba yako, fedha ya vyumba iingie kwenye vyumba, hata kama siku hiyo nyumbani kwako mtakula viazi. Kabla ya kusaini, hesabu marejesho kwa fedha unayoipata sasa, usihesabu kodi ya mpangaji ambaye hajaja. Siku unapoona mwezi ujao hutaweza kulipa, nenda benki mwezi huu. Anayekwenda kabla hajakwama husikilizwa vizuri kuliko anayeburutwa. Barua fungua siku ileile, mwonyeshe mwenzako, na kama hukuelewa tafuta mtu wa sheria akusomee, wako wanaosaidia bila malipo. Usikope kwa mtu wa mtaani kulipa benki, utakuwa na madeni mawili na usingizi nusu. Akitokea wa kukwambia umpe kidogo ili azuie mnada, mkimbie. Makubaliano yoyote yawe ya maandishi. Na ukiona kabisa nyumba haiokoleki, zungumza na benki uiuze wewe mwenyewe kwa bei nzuri, ulipe deni, kinachobaki uanze nacho upya. Hilo nalo si aibu.

Mungu akupe akili ya kusema mapema na mwenza wa kukuuliza maswali. Akujalie uzeeke ndani ya nyumba yako, mvua yetu hii isiyojua kukoma ikipiga usiku kucha juu ya bati ambalo ni lako, na wewe umelala fofofo huisikii.