Fundi Sadiki Alipokuja Kushona Mguu Wangu

Usiku ule nililala nimenuna, mguu wa kushoto juu ya mto, tumboni uji wa dona na mchicha tu. Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa amepika samaki, mgebuka, nikamrudishia sahani. Nilimwambia mtu mwenye kidonda hali samaki, hali mayai, hali maharage. Hapa kwetu Ujiji hata watoto wanalijua hilo: vyakula hivyo vinakifanya kidonda kitoe maji na kukataa kufunga.

Kidonda chenyewe kilianza kama lengelenge chini ya kidole gumba. Mimi fundi viatu, mtu wa kuwapima wenzangu miguu, nilivaa kiatu cha kubana na nisisikie lolote, kwa kuwa sukari ilishaua hisia za unyayo. Huu ni mwezi wa nne tangu kianze, na hakijaanza kufunga. Daktari alisema ataniangalia Alhamisi, na asipoona nyama nyekundu inaota, vidole vitatu vitaondoka, huenda na zaidi. Niliogopa sana, na woga ukanizidishia ubishi.

Maana nilishaelezwa. Sista Veronika, muuguzi wa chumba cha vidonda, alinikalisha akanifafanulia. Sukari ishuke, kidonda kisafishwe, mguu usibebe uzito, sawa. Lakini nyama mpya inajengwa na protini, na protini iko kwenye mayai, samaki, maharage na maziwa. Nisipokula, mwili utaichukua kwenye misuli yangu mwenyewe. Alikuwa amenipima figo akaziona ziko salama, akasema nile bila hofu. Niliitikia ndiyo sista, ndiyo sista, nikatoka na yangu kichwani.

Basi nikalala, na mara nikajikuta kwenye kibanda chetu cha sokoni, mchana, jua linawaka. Fundi Sadiki amekaa kwenye kigoda chake. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, tangu kushika sindano mpaka kukata soli. Alikufa miaka mingi iliyopita, naye kwa sukari na kidonda cha mguu, akiuguzwa na mimi kwa kuwa hakujaliwa mtoto. Ndotoni nilijua kabisa kwamba amekufa na sikushtuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Ana kiatu mapajani, anakishona.

Naangalia vizuri, si kiatu. Ni mguu wangu.

Hauumi. Anakwangua ukingo wa kidonda kwa kisu, taratibu, vilevile alivyokuwa akikwangua ngozi iliyooza. Anachoma sindano, anavuta uzi, na uzi unapita bila kushika kitu. Anafungua kisanduku chake cha vipande vya ngozi. Kitupu. Anakigeuza na kukikung'uta, linatoka vumbi.

"Idi," akasema, "ngozi ya kiraka iko wapi?"

Nikaanza kujieleza. Dawa nameza, bandeji ninazo, nasafishwa kila baada ya siku moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa subira ileile aliyokuwa nayo kwa wateja wakorofi, halafu akaniambia hizo ni gundi na uzi. Akauliza tena habari za ngozi.

Akapandisha kisu juu ya mguu, akakata kipande kwenye shavu la mguu, akakibandika kidondani. Hakikutosha. Akakata pajani, kisha begani. Kila anapokata panabonyea, suruali inanilegea kiunoni, nami nimekaa tu namwangalia anavyonimaliza. Wala hana hasira. Anafanya kazi kwa ngozi iliyopo.

Nataka kumwambia aache, na hapo kibanda hakipo tena. Tuko chumbani kwake. Sasa yeye ndiye amelala kwenye mkeka, mimi ndiye nimeshika bakuli la uji. Nje jirani anakaanga dagaa, harufu inaingia dirishani, na Fundi anageuza uso kuifuata.

Hili ndoto haikulitunga. Lilitokea. Siku za mwisho aliniomba samaki, hata kichwa tu anyonye, nami nikamkatalia. Nilimwambia mzee, vumilia, kidonda kikauke kwanza. Jirani alipoleta mayai mawili ya kuchemsha nilimrudisha mlangoni. Fundi alikuwa amekonda mpaka pete inamtoka kidoleni, na mimi nikijiona muuguzaji hodari.

Ndotoni ananiomba tena, kwa sauti ileile ya upole. Natazama bakuli, ni uji. Nikaanza kulia. Nikamwambia nisamehe, Fundi, sikujua.

Akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Kwangu hukujua," akasema. "Kwako umeambiwa."

Nikaamka na machozi masikioni. Kulikuwa kunapambazuka, Mama Zuhura anakunja mswala wake. Nilishika shavu la mguu wangu, nikakuta ngozi na mfupa, na sijui ni lini nyama ile ilikwenda. Aliniuliza kama mguu unauma. Nikamsimulia yote, hata la Fundi na samaki, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Alikwenda jikoni akainjika maharage, nami nikayala yote, sahani nzima, huku pua inachuruzika.

Sijui Alhamisi daktari ataona nini. Nimechelewa, na siku chache za kula si miujiza. Sijui pia kama samaki wangemponya Fundi Sadiki, kwa sababu sukari yake ilikuwa juu na hospitali tulimpeleka mwishoni kabisa. Lakini ujumbe nimeupata na si wangu peke yangu. Pale kwenye benchi la chumba cha vidonda tunakaa wengi, na wengi wetu tunamwitikia Sista ndiyo, ndiyo, tukirudi nyumbani tunasukuma sahani. Nitamwomba aniruhusu nizungumze nao. Nitawaambia kwamba nilimuuguza mtu niliyempenda kuliko baba yangu, akafa na njaa, na bakuli nilikuwa nimelishika mimi.