Nilivyoipenda Lucerne Nikasahau Matofali

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku mama yangu aliniomba nyumba, na mi nikamjibu kwa kumsifia mji wa Wazungu.

Ilikuwa hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, miaka ile vita ya Congo ilipotutoa Uvira. Nilikuwa kijana, bado sina mke. Tulikuwa wawili tu, mi na mama, chini ya plastike iliyofungwa kwenye miti. Tulikimbia na sufuria, kitenge, na kalenda ya zamani ambayo padri mmoja wa Uswisi alimwachia marehemu baba. Usiniulize kwa nini mutu anakimbia risasi na kalenda. Kuna waliokimbia na funguo za nyumba zilizokwisha kuungua.

Kalenda yote ilikuwa picha za Lucerne. Mji uko kando ya ziwa, nyuma yake milima yenye theluji. Padri alimsimulia baba, baba akanisimulia mi: zamani palikuwa pa wavuvi tu na nyumba ya watawa. Wakajenga daraja la mbao pale mto unapotoka ziwani, wakaliwekea paa kama nyumba, na chini ya paa wakachora habari za mji wao, ubao kwa ubao, hata asiyesoma kama mi anatembea anasoma. Kando ya daraja, ndani ya maji, kuna mnara wa mawe uliowahi kuwa gereza. Hata Dzaleka ilikuwa gereza, lakini hapa sijaona mtu anakuja na kamera kwa sababu hiyo. Na kuna simba aliyechongwa kwenye mwamba, anakufa na mkuki ubavuni, ukumbusho wa vijana wao waliokwenda kumlinda mfalme wa nchi nyingine wakauawa huko. Walikwenda kutafuta mkate. Kwao hakukuwa na kitu.

Niliipenda Lucerne, mwanangu, kama wenzangu walivyopenda wasichana. Kukawa na habari kwamba watu watapelekwa Ulaya. Basi kiangazi kizima, wengine wakifyatua matofali, mi napanda gari kwenda Lilongwe, nakaa nje ya ofisi moja kuulizia dosie yetu, faili la safari ya Ulaya. Na tofali la udongo linataka jua. Ukichelewa mpaka mawingu ya Novemba, unafyatua uji.

Mama alikuwa anakohoa. Akaniita.

"Mwanangu, mi siombi mengi. Unijengee chumba kimoja chenye mulango. Kwetu maiti inatoka mulangoni. Usinitoe chini ya plastike kama mbuzi."

"Mama, utaona Lucerne! Kule kila nyumba iko na milango mbili."

"Mi nimezaliwa kando ya ziwa, milima juu ya kichwa," akasema. "Ziwa nimeliona. Mulango njo sina."

Jirani yetu alikuwa Mzee Ramazani, Mwislamu wa Kindu, muuza chumvi na sabuni, ulimi wake mkali kuliko pilipili. Alinikuta nawasimulia vijana habari za daraja.

"We Bwana Lucerne! Hiyo daraja ya mbao haiyaunguaka hata siku moja?"

"Iliungua, Mzee. Moto ulikula kipande kikubwa, na picha nyingi."

"Bakafanya nini?"

"Bakaijenga tena."

"Ah! Habakukimbilia Uvira kungoja kule?"

Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. "Kijana, usiache mbachao kwa msala upitao. Mama yako anakohoa, na jua ingali iko. Kesho kuya kwangu, niko na kibao cha kufyatulia."

Nilikasirika. Kesho yake nikapanda gari ya Lilongwe.

Nikaenda hivyo mpaka siku karani aliponiambia jina letu haliko. "Zikomo," akasema, ndiyo asante ya Kichewa, na kufunga dirisha. Mvua ya kwanza ilinikuta njiani. Nilipofika, plastike ilikuwa imelala chini, na mama hayuko. Mzee Ramazani alikuwa amembeba mgongoni mpaka kwake. Alikuwa amekwisha kukata roho kwenye mkeka wao, mke wa Mzee amemfunika kwa kitenge chake mwenyewe.

Tulimlilia humo humo, Wakristo ndani ya nyumba ya Mwislamu, tukiimba nyimbo zetu za kanisa. Walipombeba kumtoa, Mzee alishika mlango wake kwa mikono miwili, upepo usiufunge. Mi sikuweza kumtazama. Akaniambia polepole: "Mupitishe. Huu ni mulango yake."

Kiangazi kilichofuata nilifyatua matofali. Nyumba ilisimama, nzuri hata. Wanasema majuto ni mjukuu. Mi nimemjengea, analala kwangu mpaka leo.

Sikukatazi kupenda miji ya mbali, mwanangu. Lucerne ni nzuri, ukiniuliza nitakusimulia mpaka chai ipoe. Lakini hakuna mji uliojengwa na watu wa kungoja. Uwe hapa siku kumi au miaka kumi, anayekohoa karibu yako anataka ukuta leo. Dosie yako ikiitwa, utaacha nyumba na kwenda. Nyumba haijamzuia mtu kusafiri. Mzazi akiitwa, hakuulizi kama umemaliza.

Mungu akupe safari, kama amekuandikia. Na kabla ya safari akupe mikono yenye udongo, na wazazi wako wazeeke mahali pakavu. Amina.