Niliinua pickup ili ifike mlangoni kwa mama

Wakuu, nawasalimu kutoka Izigo, Muleba. Mvua haijakatika tangu asubuhi, umeme umeondoka, na simu imebaki na chaji ya kutosha kuandika jambo moja.

Juzi mdau mmoja humu aliuliza anunue lift kit ya aina gani kuinua pickup yake. Akajibiwa sana kuhusu inchi, matairi na muonekano. Nikaanza kumjibu na mimi, jibu likarefuka, nikaona nilifungulie uzi wake. Yote haya yamenipata mwenyewe. Hakuna nilipopamba.

Mnijue kidogo kwanza.

Nimevuka arobaini. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka nyumbani. Nimenunua dagaa kisiwani Bumbire, nimekaa Kahama, nimekaa Tunduma, nimeendesha malori ya watu mpaka mipaka yote ikawa inafanana. Kila nilikokaa nilikumbuka asubuhi za kwetu, moshi wa jikoni unavyopita taratibu kwenye migomba yenye umande. Nikisharudi kuuona huo moshi, haupiti muda mrefu miguu inaanza kuwasha.

Kaka yangu mkubwa, Deo, yeye alibaki kulima. Akiniona naingia na begi alikuwa ananiuliza kwanza naondoka lini, halafu ndiyo ananisalimia.

Safari hii ya mwisho nilirudi kwa ajili ya mama.

Moyo wake ulikuwa umepanuka. Miguu inajaa maji, akilala chali anakosa pumzi. Daktari wa Bukoba alitaka amwone mara kwa mara, ampime na kumbadilishia dawa. Tena alikuwa na nyonga mbovu. Aliwahi kuteleza kwenye kibanja, shamba letu la migomba, akikata mkungu, mfupa ukaunga vibaya.

Deo alitaka ahamie mjini, kwa binti yake Deo anayeishi Rwamishenye. Mama akakataa. Baba amezikwa kwenye kibanja, nyuma ya nyumba. Kwetu mjane kuliacha kaburi la mumewe na migomba waliyoipanda pamoja, akakae chumba cha kupanga, ni jambo la aibu hata kulitamka. Alisema pale atatoka akiwa amebebwa.

Tatizo likawa barabara. Ukiacha lami unateremka kwenye udongo mwekundu. Maji yamechimba mifereji ya matairi, katikati pamebaki tuta refu kama mgongo wa ng'ombe. Gari la chini likiingia pale linakalia tumbo, matairi yanazunguka hewani.

Kwa hiyo siku za kliniki vijana walimbeba mama kwenye kiti mpaka juu kwenye lami. Alijifunika uso kwa kanga njia nzima, kwa haya. Mwanamke aliyekuwa akibeba mkungu kichwani na mtoto mgongoni, leo anabebwa na vijana aliowapa uji.

Nilipoiona hali ile nikanunua pickup. Nikamwahidi mbele ya Deo kwamba gari litafika mlangoni kwake na hatahama.

Deo akacheka. "Litafika. Halafu wewe utakuwa wapi?"

Mama akamwambia aniache.

Sasa gari lenyewe. Ni double cabin ya dizeli, mtumba, mbele ina torsion bar, chuma kinachojipinda badala ya springi, nyuma ina springi za majani. Jina la kampuni naliacha, nawajua, mtaanza ligi.

Kuinua gari kama hili kuna njia za mkato, na nyingi nimeziona nikiwa barabarani. Wengine mbele wanakaza torsion bar peke yake, gari linapanda siku hiyo hiyo, kisha linakula vipuri vya mbele, bolijointi na buti za drive shaft. Wengine nyuma wanaweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi. Wengine wanaokota majani ya springi ya lori na kuyachomeka. Sikutaka hayo. Nilitaka kit kamili, springi na shokapu zilizotengenezwa zifanye kazi pamoja.

Nikampigia muuzaji wa Dar. Wakuu, hapa ndipo uzi wote ulipo.

Yule bwana alikuwa muungwana, hakukimbilia kuniuzia. Akaniuliza, "Siku nyingi gari lako linabeba nini?"

Akanieleza kwamba springi zinakuja kwa uzito. Kuna za gari linalotembea tupu, kuna za mzigo wa wastani, kuna za mzigo mkubwa wa kila siku. Ukichukua za mzigo mkubwa halafu ukatembea tupu, hazishuki, gari linakuwa gumu.

Nikamjibu, "Ndizi."

Nilijibu haraka na kwa fahari. Huku kwetu mwanaume mwenye pickup anabeba ndizi. Ukipita nayo tupu watu wanakuuliza una tatizo gani. Ningewezaje kumwambia mgeni wa Dar kwamba nimenunua pickup nzima kumbeba bibi mmoja mwembamba? Ndizi nilikuwa nabeba, ni kweli, kwa mfanyabiashara mmoja wa sokoni Bukoba, lakini ni pale anaponihitaji. Siku nyingi mzigo wangu ulikuwa mama.

Zikaja springi za mzigo mkubwa.

Fundi wangu ni Shabani, Mwislamu wa hapo hapo Bukoba mjini, babu yake alitoka pwani akaoa huku. Kazi yake safi. Alibadilisha bushi zote, akarefusha paipu ya breki ya nyuma ili isivutike, akakaza boliti za springi gari likiwa limesimama kwa matairi yake, na akaniambia nirudi baada ya siku chache azikaze tena. Taa alizishusha, nikapeleka gari kufanya alignment ya matairi. Mdau uliyeuliza, hayo usiyaruke. Kwa upande wa kufunga sina lawama kwa mtu.

Shabani alisimama kando, akaliangalia, akasema, "Mhaya bwana. Gari lake lazima lionekane mpaka Uganda."

Nikamwambia linakwenda kumchukua mama. Akaliangalia tena, akauliza mama atapandaje. Nikasema nitaweka kigoda. Akafuta mikono.

Siku niliyoshuka nalo Izigo sitaisahau. Lile tuta lilipita chini ya gari bila kugusa. Niliingia mpaka uwanjani, nikazima injini mbele ya mlango. Mama alikuwa kibarazani na Ma Angelina, jirani yetu, rafiki yake tangu waolewe. Mama akainuka kwa fimbo, akaja akashika bampa ya mbele kama anamshika mtu mkono.

"Waitu, umefika," akasema, kwa heshima ya Kihaya.

Ma Angelina akasema kwamba gari ni refu, na wao wamekuwa wafupi. Wakacheka.

Kumpandisha ilikuwa kazi. Kigoda cha jikoni, mguu mzima kwanza, mimi nasukuma kwa chini, Ma Angelina ambaye alikuwa akimsindikiza anavuta kutoka ndani. Akishakaa anatulia kidogo, macho amefumba, ndiyo anasema twende.

Siku moja baada ya kliniki nikaona nimfurahishe. Mama alizaliwa Kashozi, akabatizwa pale misheni, na alikuwa hajafika tangu dada yake azikwe. Sikumuuliza. Nilipofika njia panda nikageuza gari. Njiani aliushika ule mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili. Tulipolifikia kanisa nikamwona machozi yanamtoka. Na mimi yakanilenga. Nikajiona mtoto mwema kuliko wote walioondoka Kagera wakarudi.

Halafu kukawa na safari za ndizi. Mfanyabiashara akinipigia, napakia mikungu nyuma mpaka juu, mama anakaa mbele, tunapita kliniki kisha sokoni. Siku hizo mama alikuwa analala. Kutoka nyumbani mpaka mjini, usingizi mzito, mdomo wazi. Nikawa naendesha polepole nisimwamshe. Nilidhani usiku hakulala vizuri.

Akaanza kuniuliza kila ikikaribia kliniki, "Safari hii unapakia ndizi?"

Nikisema ndiyo, anajiandaa mapema, anavaa gauni lake la kanisani. Nikisema hapana, anasema anajisikia nafuu, tusogeze mbele kidogo, nisichome mafuta bure.

Nilimwona mama mwenye huruma na mfuko wa mwanawe. Nikamsikiliza.

Masika ilipoanza, mfanyabiashara akaanza kuleta lori lake mwenyewe, linapakia juu kwenye lami. Sikuwa na ndizi tena. Mama akasogeza kliniki. Akasogeza tena. Deo alinigombeza, akasema kama gari lipo mlangoni basi mgonjwa aingie. Nikamjibu kwamba mama ni mtu mzima, anaujua mwili wake. Nilimwona miguu imejaa, lakini aliifunika kwa kanga na kunituma kuni.

Asubuhi moja akashindwa kupumua akiwa amekaa.

Tulimpakia mimi na Deo, hapakuwa na muda wa kigoda. Nikaendesha kwa kasi, gari tupu, kila shimo linatupiga, kila tuta la lami linaturusha. Mama hakulia. Alikuwa anatoa sauti ndogo kila gari linapotua. Deo akawa ananiambia punguza, halafu ananiambia ongeza.

Tulifika akiwa hai. Daktari aliuliza kwa nini amekosa kliniki zote hizo. Deo alinitazama, mimi nikatazama sakafu. Mama alifariki kabla ya jioni.

Kesho yake tulimrudisha Izigo kwa gari lile lile. Jeneza nyuma, na watu wamelizunguka, wajukuu, wanakwaya, watu wa jumuiya yake, nyuma kumejaa mpaka wengine wamekalia kingo. Nilijiandaa kwa zile kelele na mirusho. Sikuzisikia. Springi zilikuwa zimepata mzigo wake. Gari lilishuka kwa ulaini kwenye ule udongo mwekundu, linaelea kama mtu anabembeleza mtoto.

Hapo nilielewa, mkono uko kwenye gia. Ndizi. Usingizi. Gauni la kanisani.

Nilifika mlangoni, kama nilivyoahidi.

Baada ya mazishi watu walikaa matanga. Ma Angelina alikuja nilipokuwa nimekaa nyuma ya nyumba, pale kwenye makaburi, sasa ni mawili. Alikaa chini, akavuta majani makavu ya migomba akayakunja kunja mkononi. Nikamuuliza moja kwa moja kama gari lilikuwa linamuumiza mama.

Akasema ndiyo. Tangu siku ya kwanza. Nyonga ilikuwa inamwaka moto, akirudi anakandwa kwa maji ya moto mimi nikiwa sipo. Siku ya Kashozi alipitisha usiku bila kugeuka.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata yeye.

"Alinikataza, mwanangu," akasema. "Alisema, nikimwambia gari linaniumiza, ataliuza. Na akiliuza, ataondoka."

Wakuu, nimelifikiria hilo kila namna. Machozi ya Kashozi sijui yalikuwa ya nini. Huenda maumivu, huenda kanisa, huenda vyote. Sitajua.

Ninachojua ni kwamba mifuko michache ya mchanga nyuma ingemwezesha mama kufika kliniki akiwa amelala. Mchanga upo pale ziwani, tele. Au springi za gari tupu, inchi chache pungufu, tuta nikalichonga kwa jembe. Dawa ilikuwepo. Aliyeijua shida alinyamaza ili nisiondoke, na mimi niliyekuwepo sikuuliza.

Kwa hiyo mdau wa juzi, jibu langu ni hili. Ukiulizwa gari linabeba nini siku nyingi, usijibu unachotaka majirani waone. Sema ukweli wa siku nyingi. Kisha mchukue huyo atakayekaa humo, awe mama, mke mjamzito, mzee wa nyonga, mpeleke barabara mbovu gari likiwa tupu, umwangalie mikono imeshika wapi. Akikuambia ni sawa, muulize tena mkiwa wawili tu, gari limezimwa.

Mimi nilirudi kwa Shabani. Tulizitoa zile springi, tukaweka laini za gari tupu, urefu ukashuka. Alifanya kazi yote bila utani. Sasa tuta linagusa tumbo la gari, kwa hiyo naliacha juu kwenye lami, nateremka kwa miguu. Nafika nikiwa na tope magotini. Kigoda bado kiko kwenye siti ya nyuma.

Deo ananikuta asubuhi napalilia upande wa mama wa kibanja. Ananisalimia. Swali lake la zamani, naondoka lini, hajaniuliza tena.

Waliowahi kubeba mgonjwa kwenye pickup, semeni mlifanyaje mpaka akafika salama. Na wanaotaka kunilaumu, uwanja ni wenu, nitasoma yote umeme ukirudi.