Maswali ya Siku Hizi

Karani wa forodha ninayekaa kwake hapa Busia ni mdogo wangu, tumbo moja. Ng'ombe wa mahari yangu, walioletwa kutoka Bulumbi nilikoolewa, ndio waliouzwa, yeye akasoma. Kila jioni hukaa mbele ya runinga kutazama chemsha bongo, kalamu bado imechomekwa mfukoni, vidole vyake laini vikigonga mkono wa kiti. "Zamani walikuwa wanauliza!" huniambia bila kugeuka. "Siku hizi wanapewa majibu manne wachague. Hata mbuzi akipiga kichwa atapata." Ni kweli, zamani alikuwa anajibu kabla swali halijaisha, nasi nyumbani tukipiga makofi, mimi kwa nguvu kuliko wote. Sasa husubiri jibu litokee, ndipo aseme, "Nilijua," na kusogeza kikombe nimjazie chai.

Juzi msichana mmoja alishindwa kujibu, karani akacheka mpaka akakohoa. "Jameni! Swali la chekechea hilo!" Nikaweka birika chini. "Basi na mimi uniulize moja, mdogo wangu. Hayo hayo rahisi." Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza jioni ile. Akajikuna shingo, akatazama dari. Matangazo yakaanza, yakaisha, naye bado anatafuta swali la kuniuliza. Kisha akaongeza sauti ya runinga, akasema polepole, "Chai imepoa, dada."