Tufaha la Mama Neema

Siku yangu ya kwanza kwenye bustani za umma za Birmingham, kulikuwa na baridi ya kugandisha hata mawazo. Msimamizi wetu, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alinikabidhi mkasi wa kupogolea, akanionya kwa Kiswahili kwamba miti yetu ni ya maua, ya kutazamwa tu. Matunda yakianguka njiani watu wangeteleza, na lawama zingetuangukia sisi.

Kilimo cha bustani nilikisomea masomo ya jioni, darasa ambalo sisi tulisinzia na mwalimu ndiye aliyekoroma. Huko nilijifunza kubebesha. Unachukua kikonyo, yaani kijiti cha mti unaozaa, unakifunga kwenye tawi la mti mwingine, ngozi ya kijani chini ya gome igusane na ya mwenzake. Kikishika, mti unakibeba kama mtoto mgongoni.

Nilipohamishiwa bustani ya mtaa wa Saltley, Mama Neema, mjane kutoka Bukavu, alinifuata bustanini. Mwenye nyumba wake alitaka kukata mtufaha wa uani amwage zege.

"Baba, ile muti bwana yangu alipanda mbele ya kufa," aliniambia. "Usiache ipotee."

Nikamweleza msimamizi kwamba nataka kuuhamishia kwenye mtufaha wetu wa maua. Akasema hakunisikia, basi lilikuwa linapita. Barabara ilikuwa tupu kama kichwa changu siku ya mtihani.

Nikabebesha vikonyo vitatu. Viwili vikakauka. Mtufaha wa uani ulikuwa umeshageuka kuni, kwa hiyo hicho kimoja ndicho kilichobaki duniani. Mama Neema alikuja kukitazama kila siku kama anayekwenda wodini.

Kiangazi msimamizi akaja, akasimama mbele ya tawi lile lililofungwa plastiki. Mama Neema akaacha kupumua, nami nikamsaidia kuacha.

"Fungua hiyo kitu, bwana," msimamizi akaniambia. "Unamnyonga mtoto."

Sasa nimestaafu. Wajukuu wakiniuliza kazi ninayojivunia, nawatajia tunda la kwanza la tawi lile. Lilikuwa chachu la kumtoa machozi mtu aliyeko Northfield, upande wa pili wa jiji. Mimi nilitema. Mama Neema alilila polepole, akamaliza hadi mbegu, akajifuta macho kwa kitenge.

"Njo ile ile ya bwana yangu," akasema.