Miwani Yangu na Macho ya Bibi

Wiki iliyopita nilibadilishiwa miwani mjini Bukoba, rafiki yangu, na mpaka leo kichwa hakijatulia. Aliyenikabidhi aliniambia nivumilie tu, nitazoea. Nilipotoka dukani nilishuka ngazi mbili, na ya pili sikujua inaishia wapi. Nikakanyaga hewa, nikadaka ukuta. Nikasimama pale watu wakinipita, macho yananivuta, na harufu ya senene, wale panzi wa kuliwa, waliokuwa wakikaangwa kando ya barabara ikanijia. Mara nikawa na miaka kumi, niko Izigo, nyumbani kwa bibi mzaa mama.

Tulikuwa wawili tu kwenye kile kibanja cha migomba na mibuni. Mama alifanya kazi Mwanza, akija Krismasi kwa Krismasi. Mimi niliteka maji, nikafagia uwanja, na kila Jumamosi nikatandaza nyasi mpya sebuleni, nyasi laini zenye harufu nzuri hata mgeni alivua viatu bila kuambiwa. Bibi alimenya ndizi akiwa amekaa chini jikoni, kisu kikizunguka mkononi bila yeye kukitazama. Nilidhani ni ufundi.

Mwalimu wetu wa darasa la nne ndiye aliyegundua kwamba sioni ubaoni. Alikuta nimenakili kila kitu kutoka daftari la mwenzangu wa dawati, pamoja na makosa yake. Akaandika barua. Jioni nilimsomea bibi, karatasi nikiisogeza karibu na pua, naye akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema tu kwamba mtoto asiyeona hawezi kusoma, na asiyesoma atalima hadi kufa.

Tulikwenda Bukoba kwa basi la asubuhi. Mjini alinishika bega njia nzima, akanibana kwelikweli, nami nikaona fahari kwamba anaogopa nisije nikapotea. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari wa macho wakati napimwa. Tulirudi tena baadaye kuchukua miwani, ya fremu nyeusi na vioo vizito. Daktari akamwambia bibi mbele yangu: "Kichwa kitamuuma kama wiki mbili. Asivue."

Daktari hakukosea. Ardhi ya njia ya kwenda shuleni ilinyanyuka na kushuka. Nilikuwa nikiinua mguu juu kuruka kivuli cha mgomba, kisha najikwaa kwenye jiwe lenyewe. Ubaoni herufi zilikuwa wazi hadi vumbi la chaki nililiona, lakini kufika saa sita maumivu yalikuwa yamekaa nyuma ya macho, yanakaza, na machozi yanatoka yenyewe. Siku ya tatu nilitapika kwenye uwanja wa shule mbele ya darasa zima. Niliporudi nyumbani nilimwomba bibi ruhusa ya kuvua. Akakataa. Nikalia, akakataa.

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akija kuomba moto, alimwambia bibi waziwazi kwamba vioo vile vinanyonya macho ya mtoto, na kwamba ataniua kwa ukaidi wake. Bibi alimjibu kwamba daktari amesema wiki mbili. Alinichemshia mubirizi, majani yale machungu, nikanywa huku nikikunja uso. Alinikandamiza paji la uso kwa viganja vyake vya baridi vilivyotoka kuosha ndizi. Maumivu hayakupungua hata kidogo. Wote wawili tulijua, na hapakuwa na kingine cha kufanya. Usemi wake ulikuwa mmoja: maumivu ya mtu hayabebwi na mwingine. Nilimchukia kwa maneno hayo.

Ilikuwa msimu wa senene. Jumamosi moja asubuhi tulikaa jikoni tukiwanyonyoa mabawa na miguu, kila mtu na ungo wake. Nilitazama ungo wa bibi kupitia ile miwani. Nusu ya senene wake walikuwa na miguu yao yote. Kisha akaweka mkono chini kutafuta kisu. Kisu kilikuwa mbele yake, kwenye jua la mlangoni, kinang'aa. Mkono wake ulipapasa kushoto, ukapapasa kulia, ukakipita. Nikamtazama usoni, kwa mara ya kwanza nikamwona vizuri kutoka nilipokaa, na macho yake hayakuwa yakitazama mkono. Hayakuwa yakitazama chochote.

Ndipo nilipoelewa lile bega. Kule Bukoba mimi ndiye niliyekuwa namwongoza.

Nilivua miwani yangu nikamvalisha. Hakuuliza. Alikaa nayo muda mrefu akigeuza kichwa pole pole, upande wa mlango, upande wa jiko, kisha akashika paji la uso.

"Ukungu ni uleule, mwana wange," alisema. "Ila sasa kichwa kinauma." Akaivua, akanirudishia. "Kumbe ndivyo kinavyokuuma. Nisamehe."

Akaniomba nisimwambie mtu. Mama akijua, alisema, atamhamishia Mwanza, na kibanja kitabaki pori. Nikaahidi. Nilikaa na ahadi ile karibu mwezi mzima, nikimwekea kisu mkononi, nikichambua upya maharage aliyochambua yeye. Siku alipounguza mkono kwenye chungu cha ndizi nilimweleza mwalimu, na mwalimu akampigia mama simu.

Mama akaja, tukampeleka bibi Bukoba. Daktari alikuwa yuleyule. Alimmulika bibi macho yote mawili, akachukua muda, kisha akamweleza mama kwamba presha ya macho imeshakula mshipa, na kilichopotea hakirudi. Angekuja mapema kidogo, alisema, pengine tungeokoa jicho moja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi la nje, mlango uko wazi, nasikia kila neno. Bibi alikuwa amekaa hapohapo mara mbili, hatua nne kutoka mlangoni kwa daktari, na hakuna aliyemuuliza kama yeye anaona. Hata mimi.

Mama alitaka kumchukua. Bibi akakataa, nami nikabaki naye. Kichwa changu kilikuwa kimeshapona. Siijui hata siku kilipoacha kuuma.

Aliishi miaka minane mingine. Alasiri alikuwa akiniomba nimweleze: kahawa imeiva kiasi gani, mkungu upi umekomaa, ni nani anapita barabarani na amevaa nini. Nikidanganya ili nimalize haraka alijua, akanirudisha mwanzo.

Sasa jiko lile limebomoka. Mnyauko uliingia kwenye migomba, tukaing'oa mingi, na sebule ina sakafu ya saruji. Jumapili nilikwenda huko kutoka mjini, na miwani hii inayoniumiza, nikasimama uwanjani. Mibuni michache imebaki, na matunda yalikuwa mekundu upande wa juu, ya chini bado mabichi. Mwanamke mmoja alipita na mwavuli wa bluu, amebeba mtoto. Nikajikuta nayasema hayo kwa sauti, moja baada ya jingine, bila kudanganya popote. Yule mwanamke aligeuka, akadhani nimemwita.